Injini Moja, Mbili au Tatu? Ndege za Kwanza za Abiria na Anga ya Ziwa Tanganyika

Tarehe 11 Aprili 1929, ndege ndogo ya Kifaransa iliyoitwa Aviméta 92 ilinaswa na dhoruba karibu na Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, ikaanguka. Ndani yake walikuwamo watu watatu; wawili walifariki dunia na mmoja akapona. Miongoni mwa waliofariki alikuwamo Edmond Thieffry, rubani Mbelgiji ambaye mwaka 1925 aliongoza ndege kutoka Brussels hadi Leopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, safari ambayo hakuna aliyeifanya kabla yake. Safari hiyo ilichukua siku 51, ingawa saa zilizotumika angani hazikufika 80.

Ndege aliyoitumia Thieffry mwaka 1925 ilikuwa na injini tatu. Ile iliyomwua kando ya ziwa miaka minne baadaye ilikuwa na injini moja tu. Na wakati huo kiwanda kilichounda Aviméta 92 kilikuwa kimekwisha kuunda, mwaka 1927, ndege ya abiria yenye injini tatu, iliyopewa namba 132. Mtu hawezi kuzuia swali lisimjie: je, kama Thieffry angekuwa katika ndege ya injini tatu siku ile, angepona?

Jibu la swali hilo halikomei katika historia. Linahusu jinsi ndege inavyobebwa na hewa, jinsi joto na mwinuko wa nchi vinavyoipunguzia nguvu, na sababu inayomfanya abiria wa Kigoma leo aambiwe mara nyingine kwamba mzigo wake utafuata kwa ndege nyingine.

Mwambao uliokuwa mbali

Kabla ya reli, safari ya kutoka pwani hadi Ujiji ilikuwa safari ya miguu ya miezi mingi. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, alifika Ujiji baada ya miezi kama saba na zaidi. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari hiyo ya kilometa 1,250 hivi ikawa ya siku chache. Haishangazi basi kwamba ndege zilipoanza kuaminika, watu waliotazama ramani ya Afrika ya kati waliona kuwa hapa ndipo palipostahili kufikiwa kwa njia ya anga.

Ndege za kwanza kuonekana juu ya Kigoma hazikuja na abiria. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege nne za majini za aina ya Short 827. Zilisafirishwa vipande vipande kwa meli, kwa reli na kwa njia ya mito ya Kongo, zikaunganishwa upande wa magharibi wa ziwa. Mwezi Juni mwaka huo zikavuka na kuiangushia mabomu bandari ya Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Götzen, ile iliyokuja kuitwa Liemba. Kila moja ya ndege hizo ilikuwa na injini moja na nafasi ya watu wawili.

Vita vilipokwisha, wenye viwanda vya ndege katika Ulaya walikuwa na ndege zisizo na kazi. Huko Ufaransa, kampuni ya Farman iliichukua ndege yake kubwa iliyobuniwa kwa kubeba mabomu, ikatia viti na madirisha, ikaiita Goliath. Ilikuwa na injini mbili za Salmson, kila moja yenye nguvu za farasi 260, na nafasi ya abiria kumi na wawili au zaidi kidogo. Mwezi Februari 1919 ilisafirisha watu kutoka Paris hadi London. Mwezi Agosti mwaka huohuo nyingine ilielekezwa Dakar ikiwa na watu wanane. Ikavuka Moroko salama, kisha ikalazimika kushuka majini karibu na pwani ya Mauritania. Watu wote waliokolewa, lakini Afrika ilikuwa imetoa onyo lake la kwanza kwa ndege za abiria.

Hewa nyepesi ya nyanda za juu

Ili kulielewa onyo hilo, yafaa kwanza kuelewa kinachoishikilia ndege isianguke. Bawa la ndege linapopita katika hewa kwa kasi, huisukuma hewa hiyo kuelekea chini, na hewa nayo hulisukuma bawa kuelekea juu. Nguvu hiyo ya kuinua hutegemea mambo matatu: ukubwa wa bawa, kasi ya ndege, na uzito wa hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kwenda kasi zaidi ili kupata msukumo uleule.

Katika hali ambayo wahandisi wameichagua kuwa kipimo, yaani katika usawa wa bahari na kwa joto la nyuzi 15 za sentigredi, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 na kidogo. Mtu akipanda kwenda juu, hewa hupungua uzito. Aidha, hewa ikipata joto hutanuka, ikawa nyepesi zaidi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko meta 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 30, hewa ya kando ya ziwa huwa nyepesi kwa asilimia 13 kuliko ile ya kipimo. Tabora, iliyoko meta 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ya mchana kama huo hupungua kwa asilimia 18.

Upungufu huo huidhuru ndege mara tatu kwa pamoja. Kwanza, mabawa hupata msukumo mdogo, na ndege hulazimika kukimbia ardhini kwa kasi iliyozidi kwa asilimia kumi hivi kabla ya kuinuka. Pili, injini huvuta hewa kidogo, ikachoma petroli kidogo, ikatoa nguvu kidogo. Tatu, rafadha, yaani yale mapanga yanayozungushwa na injini, hukamata hewa kidogo. Mambo hayo yakijumlishwa, ndege inayohitaji meta 600 za kukimbia katika hali ya kipimo huweza kuhitaji meta 900 huko Tabora saa za mchana.

Tabora, Februari 1920

Mwanzoni mwa mwaka 1920, ndege kadhaa zilikuwa zikijaribu kuwa za kwanza kufika Rasi ya Tumaini Jema kutoka kaskazini. Moja yao ilikuwa Vickers Vimy Commercial, ndege ya Kiingereza ya injini mbili iliyoundwa mahsusi kwa abiria. Ilikuwa ndugu wa Goliath kwa asili, kwani nayo ilitokana na ndege ya mabomu. Ndani yake walikuwamo marubani Cockerell na Broome, mafundi wawili, na Dakta Peter Chalmers Mitchell, mwanasayansi wa wanyama aliyesafiri kwa niaba ya gazeti la The Times la London. Ndege hiyo ilifuata mto Nile, ikapita Uganda, ikafika Tabora, mji ulio katika reli ileile ya Kigoma. Tarehe 27 Februari ilianguka hapo Tabora, na safari yake ikaishia hapo. Watu wote walinusurika.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Machi, ndege nyingine ya injini mbili ya jamii ya Vimy, iliyoongozwa na Van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka Bulawayo, mji ulio juu ya bahari kupita hata Tabora. Marubani hao walipewa ndege nyingine, de Havilland D.H.9, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Ndege hiyo ya mwisho ilikuwa na injini moja tu.

Hapa pana fumbo. Ndege mbili zenye injini mbili mbili zilishindwa na nyanda za juu. Ndege ya injini moja ikamaliza safari. Je, wingi wa injini si usalama?

Hesabu ya injini

Chukua mfano rahisi. Injini ya zama zile tuseme iliharibika mara moja katika safari mia. Ndege ya injini moja, basi, itapata hitilafu ya injini mara moja katika safari mia. Ndege ya injini mbili itapata hitilafu hiyo karibu mara mbili, na ya injini tatu karibu mara tatu, kwa kuwa vyombo vinavyoweza kuharibika vimeongezeka. Kuongeza injini hakupunguzi hitilafu, huziongeza. Faida hupatikana tu ikiwa ndege inaweza kuendelea kuruka kwa injini zilizobaki.

Je, inaweza? Chukua ndege ambayo injini zake zote kwa pamoja hutoa vipimo 200 vya nguvu katika usawa wa bahari, na ambayo huhitaji vipimo 120 ili isiteremke. Juu ya nyanda za juu, mchana, injini zitapoteza moja ya tano ya nguvu zao, zitoe 160. Ndege bado inaruka, ina akiba ya 40 ya kupandia. Sasa injini moja izimike. Kama ndege ina injini mbili, zitabaki nguvu 80, nazo hazitoshi kabisa; ndege itateremka upesi. Kama ina injini tatu ndogo zaidi zenye jumla ileile, zitabaki 107. Ndege itateremka polepole, na rubani atapata nafasi ya kuchagua mahali pa kutua. Kama ina injini nne, zitabaki 120, na ndege itaweza kubaki pale ilipo.

Mvuvi wa Ujiji hahitaji kuelezwa sehemu ya pili ya tatizo hili. Mtumbwi wenye wapiga kasia wawili, mmoja kila upande, hauendi polepole tu mmoja wao anapoacha kupiga, hugeuka pia. Ndege ya injini mbili hufanya vivyo hivyo. Injini ya kulia ikizimika, ya kushoto huizungusha ndege kuelekea kulia. Rubani hulazimika kukanyaga usukani wa mkiani kwa nguvu zake zote ili ndege isipinde, na usukani huo uliopindwa huikamata hewa na kuirudisha ndege nyuma. Ile nguvu ndogo iliyobaki hupungua tena. Lakini mtumbwi ukiwa na mpiga kasia wa tatu aliyekaa mbele katikati, hugeuka kidogo zaidi. Ndiyo sababu ndege nyingi za injini tatu za zama zile ziliwekwa injini moja puani na moja katika kila bawa.

Jibu la Wafaransa

Wahandisi wa Ufaransa walijaribu njia mbalimbali. Mwaka 1923 Farman walitoa ndege iliyoitwa Jabiru yenye injini nne, mbili kila upande, moja nyuma ya nyingine. Injini za nyuma zilipokea hewa iliyokwisha kupashwa joto na za mbele, zikawa hazipoi vya kutosha hata katika baridi ya Ulaya. Ni rahisi kukisia zingekuwaje Kigoma.

Kampuni ya Aviméta ilishika njia nyingine. Ndege yake ya injini tatu ya mwaka 1927 iliundwa kwa aloi nyepesi, si kwa mbao na kitambaa. Kwa nchi za joto hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu unyevu hulegeza gundi na hupinda mbao, jua huchakaza kitambaa, na mchwa hawabagui mbao za nyumba na mbao za ndege. Aviméta 132 haikuenea, lakini wazo lake la chuma chepesi pamoja na injini tatu lilibaki.

Wazo hilo lilifika karibu na Ziwa Tanganyika katikati ya miaka ya 1930. Shirika la serikali ya Ufaransa lililoitwa Régie Air Afrique, likiongozwa na Jean Dagnaux, rubani aliyepoteza mguu mmoja katika Vita Kuu ya Kwanza, lilifungua njia ya kutoka Algiers kuvuka Sahara hadi Brazzaville. Baadaye njia hiyo ilirefushwa kupitia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, hadi Madagaska. Dagnaux mwenyewe alikuwa amekwisha kuruka hadi Madagaska katika miaka ya 1926 na 1927 kwa ndege ya injini moja, na alijua vizuri alichokuwa akiwaombea abiria. Ndege ya shirika lake ilikuwa Bloch 120, ya chuma chepesi, yenye bawa juu ya kiwiliwili na injini tatu za Lorraine zenye nguvu za farasi 300 kila moja. Ilibeba barua nyingi na abiria wachache. Uchache huo ulikuwa na maana, kwani ndege isiyojazwa ndiyo iliyobaki na akiba ya nguvu ya kuondokea Lubumbashi, iliyoko zaidi ya meta 1,200 juu ya bahari.

Upande wa Tanganyika, Waingereza walifikia uamuzi unaofanana. Shirika la Imperial Airways lilifungua njia hadi Mwanza mwaka 1931, kisha mwaka 1932 hadi Cape Town kupitia Dodoma na Mbeya. Kwa ajili ya njia hiyo liliagiza ndege ya injini nne, Atalanta, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba iweze kubaki katika kimo cha futi 9,000, yaani meta 2,700 hivi, hata injini moja ikizimika. Sharti hilo halikusema tu injini ziwe ngapi. Lilisema ndege iweze kufanya nini baada ya injini moja kufa. Hapo ndipo somo la Tabora na Bulawayo lilipogeuka kuwa kanuni.

Dhoruba ya ziwani

Yarudiwe sasa yale ya Thieffry. Ndege yake ilinaswa na dhoruba, na dhoruba haihesabu injini.

Ziwa Tanganyika limelala katika Bonde la Ufa, likiwa na urefu wa zaidi ya kilometa 600 na upana wa kilometa 50 hivi tu. Pande zote mbili limezungukwa na milima, na mingine hupita meta 2,000 juu ya bahari. Mchana jua huipasha joto nchi kavu upesi kuliko maji, na hewa ya juu ya miteremko huinuka. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na hewa iliyopoa huporomoka kutoka milimani kuelekea ziwani. Katika miezi ya mvua, ambayo Aprili ni mmoja wao, hewa inayoinuka imejaa mvuke. Mvuke huo unapogeuka kuwa matone hutoa joto, nalo huisukuma hewa juu zaidi, mpaka mawingu ya radi yafikie kimo ambacho hakuna ndege ya mwaka 1929 iliyoweza kukivuka. Ndani ya wingu kama hilo mikondo ya kupanda na ya kushuka hukaa bega kwa bega. Ndege iliyozoea kupanda meta mbili au tatu kwa sekunde haiwezi kushindana na mkondo unaoshuka kwa meta kumi.

Thieffry hakuwa na rada wala taarifa ya hali ya hewa kutoka kituo cha mbele. Alikuwa na macho yake, na macho hayapenyi mvua. Injini tatu zingempa akiba kubwa zaidi ya nguvu, pengine na nafasi ya kurudi nyuma mapema. Zisingempa kile alichokikosa zaidi, yaani habari.

Funzo kwa msafiri wa leo

Kwa hiyo swali la mwanzo lina jibu, ingawa si la neno moja. Si idadi ya injini iliyoifanya safari ya anga kuwa salama kuliko ya zamani. Ni akiba ya nguvu, uzito unaopimwa, njia ya kurukia yenye urefu wa kutosha, na taarifa ya hali ya hewa inayofika kabla ya ndege kuondoka. Ndiyo maana ndege za abiria zinazoruka leo kati ya Dar es Salaam na Kigoma zinaweza kuwa na injini mbili tu, idadi ileile iliyoshindwa Tabora mwaka 1920. Injini moja ya ndege ya rafadha ya aina ya Q400 ina nguvu mara tano hivi ya injini zote tatu za Bloch 120 zikijumlishwa. Kanuni za kimataifa haziiruhusu ndege ya aina hiyo kuruka na abiria isipokuwa imethibitishwa kwamba injini moja ikifa wakati wa kupaa, iliyobaki itaendelea kuipandisha.

Lakini uthibitisho huo una masharti, na masharti yenyewe ni yaleyale ya hewa nyepesi. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo uzito unaoruhusiwa unavyopungua. Kadiri njia ya kurukia inavyokuwa fupi, ndivyo nafasi ya kukosea inavyokuwa ndogo. Kila meta inayoongezwa katika kiwanja cha ndege cha nyanda za juu, basi, ni kilo za mizigo, ni abiria wa ziada, na kwanza kabisa ni usalama. Na abiria wa Kigoma anapoambiwa mchana wa joto kwamba gunia lake la dagaa halitapanda ndege moja naye, asidhani kuwa amedharauliwa. Rubani amepima joto na mwinuko, akafanya hesabu ambayo marubani wa mwaka 1920 hawakuwa na jedwali la kuifanyia.